Usiku daktari alipomtibu susu kupitia kabambe

Mwaka wa 2020 mimi na marafiki wangu wawili tulikuwa na apu ya afya. Nasema "tulikuwa na apu" vile watu wa mtaa wangu husema wana ploti Kitengela. Jina lilikuwepo, rangi zilikuwepo, slaidi kumi na mbili zilikuwepo. Apu yenyewe haikuwepo.

Wazo lilikuwa hivi: mgonjwa aliye ushago anachukua simu, anabonyeza picha ya daktari, daktari anatokea kwa video, wanaongea, dawa inaandikwa, kwisha. Kisa cha kwanza cha corona hapa Kenya kilitangazwa Machi 13, shule na vyuo vikafungwa siku chache baadaye, na sisi tukaona huu sasa ndio wakati wetu. Mimi nilikuwa nimeacha chuo hata kabla corona haijakifunga (mambo ya karo, hadithi ndefu), kwa hivyo muda nilikuwa nao kwa wingi. Tulikaa kwa keja yangu Pipeline, madirisha wazi, maski kidevuni, tukibishana kama kitufe cha "Muone Daktari" kiwe kijani au bluu.

Kitu ambacho hakuna kati yetu aliyefanya ni kumpigia mtu wa ushago na kumuuliza kama angeitumia. Na mimi nina susu.

Kwa wasio Wakamba, susu ni nyanya, shosho. Wangu anaishi Kitui Kusini, mahali ambapo ukishuka kwa matatu bado una mwendo wa nduthi, na ukishuka kwa nduthi bado una mwendo wa miguu. Ana presha na ana sukari. Simu yake ni kabambe, ile tunayoita mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake, na siku hizo ilikuwa ikichajiwa sokoni kwa shilingi ishirini. Mtandao unapatikana ukisimama karibu na mwembe. Si kila upande wa mwembe. Upande wa choo.

Sasa, mkumbuke hali ilivyokuwa. Kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, nchi nzima. Aprili 6 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Nairobi na viunga vyake, na siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa pia. Wengi wetu tulichukulia jambo hilo kama shida ya usafiri: Pasaka hakuna kwenda nyumbani, basi. Lakini kwa familia ambazo mtoto wa mjini ndiye hupeleka mzazi kliniki, ndiye hununua dawa duka la jijini kwa sababu kule zimeisha, barabara ikifungwa huduma ya afya nayo imefungwa.

Ilikuwa mwisho wa Aprili, saa moja na nusu hivi usiku. Binamu yangu wa miaka kumi na minne, ambaye shule ilipofungwa alipelekwa kukaa na susu, alinipigia. Kwa kawaida hunitumia ile ya "tafadhali nipigie". Akipiga mwenyewe, ujue kuna jambo.

"Susu anatetemeka," akasema. "Jasho linamtoka kama amemwagiwa maji. Anaongea lakini simwelewi."

Nikamwambia aite jirani. Akasema jirani alikuja, akafika kwenye ua, akasimama hapo. Hakutaka kuingia. Alikuwa ameshaamua kwamba ni corona.

Msimlaumu huyo jirani haraka. Wakati huo ukipelekwa karantini ulikuwa unalipa mwenyewe. Sote tulikuwa tumeona video ya yale mazishi ya usiku kule Siaya, watu waliovaa mavazi meupe wakishusha maiti kaburini bila jeneza. Kijijini kwetu kukohoa kulikuwa kama kukiri kosa. Mjomba alipopigiwa alisema tungoje asubuhi, kwa sababu hakuna mwenye nduthi angetoka kwa kafyu kumbeba mtu anayeshukiwa, na hata akitoka, polisi wangemfanya nini barabarani?

Mimi, mtaalamu wa apu za afya, nilifanya nini? Nilifungua simu yangu janja. Nikapata apu moja ya madaktari, ya kweli, si kama yetu. Ikaniambia nifungue akaunti. Nikafungua. Ikaniambia nipige picha kitambulisho cha mgonjwa. Kitambulisho cha mgonjwa kiko Kitui ndani ya kopo la chai. Nikaruka hatua hiyo, nikafika kwenye ratiba: daktari angepatikana kesho yake saa tatu asubuhi. Nikajaribu laini moja ya usaidizi, nikawekewa muziki. Muziki mzuri, hata.

Binamu ndiye aliyefikiria kitabu cha kliniki. Susu hukitunza kama pasipoti, ndani ya mfuko wa nailoni. Juu ya jalada kulikuwa na nambari ya simu imeandikwa kwa kalamu. Ya afisa wa kliniki wa kituo cha afya, mtu ambaye kule kila mtu humwita daktari, na kwa nilichokiona usiku huo sina sababu ya kumwita kitu kingine.

Alishika simu mara ya pili. Nikaanza kumweleza, nikimwaga kila nilichosoma mtandaoni dakika kumi zilizopita. Akanikata.

"Uko naye hapo?"

"Hapana daktari, niko Nairobi."

"Basi wewe hutanisaidia. Nani yuko naye?"

Nilikuwa na shilingi ishirini na tatu za kredo. Nikaunganisha simu tatu: daktari kwake, mimi Pipeline, binamu chini ya mwembe upande wa choo. Daktari akamwambia binamu akimbie amlete mama fulani wa ng'ambo ya bonde, mhudumu wa afya ya jamii. Tukangoja. Kredo ikaisha. Okoa Jahazi ikanikataa kwa sababu nilikuwa na deni la Okoa Jahazi. Nikatoka kwenye korido ya ploti nikipiga kelele kama mwendawazimu, na jirani wa chumba cha nne, ambaye kufikia siku hiyo tulikuwa tukigombana tu kuhusu kamba ya nguo, akanisambazia hamsini.

Tuliporudi hewani yule mama alikuwa amefika. Alikuwa na maski ya kitenge aliyojishonea na tochi. Hakuwa na kipima sukari. Wahudumu wa kujitolea wakati huo wengi walikuwa na daftari na moyo, basi. Lakini aliingia nyumbani. Yule jirani akiwa bado kwenye ua, mama aliingia.

"Mama, amekunywa dawa leo?" daktari akauliza.

"Amekunywa, daktari. Ya asubuhi na ya jioni. Mtoto ameziona."

"Na amekula?"

Kimya. Nikasikia mama akimuuliza binamu kwa Kikamba. Uji wa asubuhi, nusu kikombe. Tangu hapo hakuna. Susu alikuwa amesema hana hamu, na mimi namjua: unga ulikuwa unaisha na alikuwa akimwachia mtoto.

"Hiyo si corona," daktari akasema. "Sukari imeshuka. Kile kidonge kinashusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Anaweza kumeza?"

"Anaweza."

"Vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe cha maji. Anywe polepole, ameketi. Akishindwa kumeza usimlazimishe, niambie."

Hapo ndipo tulipokwama. Nyumba ya mgonjwa wa sukari haina sukari! Tuliitoa sisi wenyewe Disemba iliyotangulia, tukamhubiria susu hadi akachoka kutusikia. Asali ya mjomba ilikuwa imeuzwa. Ni hapo binamu, bila kumuuliza mtu mzima yeyote, alipokimbia hadi kwenye ua na kumwambia jirani kwamba daktari amesema si corona, ni njaa ya dawa, na wanaomba sukari. Jirani akaleta. Hakuvuka, aliiweka ndani ya karatasi ya gazeti juu ya kigingi cha ua, akarudi nyuma hatua kadhaa, binamu akaichukua.

Baada ya dakika kumi na tano hivi nilisikia sauti ya susu kwenye simu. Alikuwa akiuliza ni nani amewasha taa ya mchana kweupe. Ilikuwa tochi ya mama. Ilikuwa usiku. Lakini maneno yalikuwa yanaeleweka.

Nimesimulia kirefu kwa sababu kila nikisoma makala kuhusu matibabu ya mbali wakati wa janga, naona picha ya daktari akitabasamu ndani ya kioo, na sehemu hizo nyingine zote zimekatwa. Ukihesabu kilichomwokoa susu usiku ule: nambari iliyoandikwa kwa kalamu, kabambe mbili, mama mmoja aliyekubali kuvuka bonde wakati wa kafyu, na sukari ya mtu aliyekuwa akiogopa. Daktari alifanya kazi yake kwa maswali mawili. Lakini maswali hayo yasingejibiwa na mimi, hata ningekuwa na bando la mwezi mzima.

Na takwimu zilikuwepo kutuonya. Sensa ya 2019, mwaka mmoja tu kabla, iliuliza Wakenya wa kuanzia miaka mitatu kama wanatumia intaneti. Mijini walikuwa asilimia 42.5. Vijijini 13.7. Apu yetu yenye video ilikuwa imeandaliwa kwa hao 13.7, ambao pengine ndio wenye nduthi yao na hawana shida kubwa ya kufika hospitali.

Waliofikiria vizuri zaidi yetu walianzia kwenye kabambe. Serikali ilikuwa na laini ya 719, unapiga unauliza. Ilipofika Juni na wagonjwa wa corona wakaanza kuruhusiwa kujitenga nyumbani, kulikuwa na mfumo wa Jitenge ambao ungeweza kuripoti dalili zako kila siku hata kwa kubonyeza *299# kwenye simu isiyo na intaneti. Amref nao walikuwa na Leap, mafunzo yanayopitia simu ya kawaida kwa ujumbe mfupi na sauti, na waliyatumia kuwafundisha wahudumu wa afya ya jamii kuhusu corona bila kuwakusanya ukumbini. Hakuna kitu hapo cha kupendeza kwenye slaidi. Hakuna picha ya daktari akitabasamu.

Halafu kulikuwa na mabaluni. Mnaikumbuka hiyo? Julai 2020, Loon, kampuni dada ya Google, pamoja na Telkom Kenya, walianza kupeleka intaneti kwa kutumia baluni zipatazo 35 zilizoelea kilomita 20 juu angani, zikihudumia sehemu za magharibi na kati ya nchi, Baringo zikiwemo, na matibabu kwa video yalikuwa miongoni mwa matumizi yaliyotajwa. Nilisisimka kweli. Nilimpigia binamu nikamwambia aangalie juu. (Kitui haikuwa kwenye ramani, lakini nani alisoma ramani?) Januari 2021 Loon ikatangaza inafunga, biashara haikulipa, na baluni zikashushwa. Sicheki. Tatizo walilotaka kutatua ni la kweli na bado lipo. Nasema tu kwamba mama wa ng'ambo ya bonde alikuwepo kabla ya baluni, na baluni zilipoondoka alikuwa bado yupo.

Mfano ninaoupenda zaidi wa enzi hiyo hata si wa ushago, ni wa hapa Nairobi. Daktari Jemimah Kariuki, wakati huo akisomea udaktari wa uzazi, aliona kwamba kafyu imeanza na kina mama wajawazito hawafiki hospitali usiku, au wanafika wakiwa wamechelewa. Likazaliwa Wheels for Life: mama anapiga laini ya bure, daktari anamsikiliza kwa simu na kuamua uzito wa hali yake, kisha anatumiwa teksi au ambulensi. Simu peke yake isingemzalisha mtu. Teksi peke yake isingejua nani wa kubebwa kwanza. Sisi tulikuwa tumechora nusu ya kwanza tu ya wazo hilo, tena kwa rangi ya bluu. (Bluu ilishinda.)

Baada ya usiku ule daktari alipunguza dozi ya susu na kumpa dawa za miezi mitatu, asisafiri. Tukaunda mtindo. Kila Alhamisi mama wa ng'ambo ya bonde alipita kituoni kuazima mashine ya presha, akaenda kwa susu, akampima, akampigia daktari na kumsomea nambari. Daktari akisema sawa, ni sawa. Akisema aje, mjomba anatafuta nduthi ya asubuhi. Mimi kazi yangu ilikuwa kutuma mia moja ya kredo kila wiki kwa nambari ya mama. Bahati nzuri M-Pesa ilikuwa imeondoa ada za kutuma hadi elfu moja, tangu katikati ya Machi mwaka huo.

Miezi miwili ilipita kabla sijajua kwamba alikuwa na nyumba nyingine kumi na mbili za aina hiyo na hakuna aliyekuwa akimtumia kredo. Alikuwa akiuza mayai. Nilipomuuliza kuhusu posho alicheka tu, akasema, "Mwanangu, hiyo ni ya kuulizwa kwa maombi." Daktari naye alikuwa akitumia simu yake mwenyewe, kredo yake mwenyewe, saa zisizo za kazi, na kama angekosea usiku ule hakuna karatasi ingemtetea.

Hilo la karatasi limebadilika kiasi. Sheria ya Afya ya 2017 ilitaja matibabu ya mbali, na mwaka wa 2023 ikaja Sheria ya Afya Dijitali yenye maelezo zaidi. Septemba mwaka huo huo Rais William Ruto aliwazindua wahudumu wa afya ya jamii takriban laki moja, sasa wakiitwa mapromota, wakapewa mikoba yenye kipima sukari, mashine ya presha na kipimajoto, pamoja na simu za kurekodi kazi yao. Posho iliwekwa shilingi elfu tano kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Sitajifanya hamjasikia malalamiko kuhusu nusu hizo kufika kwa wakati. Lakini kipima sukari ndani ya mkoba wa mama, hicho nimekiona kwa macho yangu, na nilikigusa kama mtu anayegusa gari jipya la jirani.

Kuna jambo moja apu na mikoba haijaligusa, na vijana wenzangu mnaobuni vitu mlifikirie. Simu ya kijijini si ya mtu mmoja. Kabambe ya susu ni ya susu, ya binamu, na ya mjomba siku ambayo yake haina chaji. Usiku ule sote tulisikia kila kitu, kwa sauti ya juu, chini ya mwembe. Kwa sukari haikuwa noma. Sasa weka hapo msichana wa miaka kumi na saba anayetaka kuuliza kuhusu mimba au virusi, na simu ni ya babake, na mtandao uko mahali pamoja tu ambapo kila mtu hupita akienda chooni. Laini ya 1190, ile ya vijana ya one2one, ni ya bure na inasaidia sana, lakini atapigia wapi? Binamu aliponiuliza swali la aina hiyo mwaka jana aliniandikia ujumbe, akafuta, akaandika tena, akaniambia nikijibu nianze na salamu za kawaida ili mtu akiusoma juu juu asielewe.

Julai 2024 mpox ilipothibitishwa kule Taveta, mpakani, nilimpigia mama wa ng'ambo ya bonde kabla hata sijasoma habari hadi mwisho. Alikuwa ameshapata ujumbe kwenye simu ya kazi, pamoja na picha za vipele. Alikuwa ameshapita kwa susu. Alikuwa ameshapita hata kwa jirani wa ua, ambaye siku hizi ndiye wa kwanza kumfungulia mlango.

Apu yetu haikuzaliwa. Mmoja wetu yuko Qatar, mwingine ameajiriwa na benki, na mimi ndiye huyu. Slaidi bado ninazo.

Wiki iliyopita susu alinipigia mwenyewe. Presha ilikuwa sawa, sukari ilikuwa sawa, mama alikuwa amempima akamwandikia. Akataka kujua kwa nini lazima achomwe kidole kila mara na ile mashine mpya, ilhali daktari yule wa kwanza alimponya kwa maneno tu.

Nikaanza kumweleza. Akaniambia nimalize haraka, chaji inaisha, na nisisahau mia ya mama.